Uzi: "Mto uchimbwe, unyooshwe, maji yapite." Tuifungue hii hoja

Wadau, leo tuna hoja ambayo hurudi kila mvua ikinyesha vibaya. Inatoka jukwaani, inaingia redioni, inafika kwenye magrupu ya WhatsApp ya wadi, na mara zote inapigiwa makofi: "Serikali ilete tingatinga, mto uchimbwe, unyooshwe, maji yapite, watu waache kufa."

Kwa wageni: hapa hatutaji mwanasiasa wala chama. Hoja hii imetumiwa na walioko mamlakani na wanaotaka kuingia, kwa hivyo usinitumie picha ya mtu ukiniuliza kama ndiye ninayemlenga. Tunachukua hoja, tunaifungua, basi.

Mimi ni wa Nuu, Kitui, upande wa Mwingi. Nalisema mapema ndio ujue nasemea wapi. Kwetu mvua ni misimu miwili, na ile ya Oktoba hadi Desemba ndiyo tunayoitegemea zaidi. Mito yetu kwa miezi mingi ni barabara za mchanga. Ng'ombe wanapita, watoto wanacheza mpira, punda wanashuka na mitungi. Halafu siku moja mvua inanyesha huko milimani, wewe uko kwenye jua kali kabisa, na maji yanakuja kama ukuta.

Tuanze na vifo, maana ndivyo vinavyoipa hoja hii nguvu.

Tarehe 4 Desemba 2021, basi lililobeba wanakwaya na waumini kutoka Mwingi wakija harusini Nuu lilizama likijaribu kuvuka Mto Enziu uliokuwa umefurika. Zaidi ya watu 30 walifariki. Hilo jambo huku halijasahaulika, na yeyote anayeongea habari za mafuriko mbele yetu anajua ametushika pabaya.

Lakini sikiliza vizuri, kwa sababu hapa ndipo mambo mawili huchanganywa. Wale watu walifia mahali pa kuvukia. Dawa ya kivuko ni daraja lililoinuliwa juu ya maji ya mafuriko, alama za kina zinazoonekana hata na dereva mgeni, na mtu mwenye mamlaka ya kufunga barabara mto ukishuka. Mtaro wa mafuriko hauvushi mtu. Tena mto ulionyooshwa unaweza kukifanya kivuko kiwe hatari kuliko kilivyokuwa, nitaeleza kidogo mbele. Kwa hivyo ukisikia mtu anataja msiba wa Enziu halafu sentensi inayofuata anaomba pesa za kuchimba mto, muulize kwa heshima: na daraja?

Jambo la pili linalochanganywa ni mafuriko ya soko na mafuriko ya mto. Mvua ya saa moja ikinyesha sokoni, maji yanaingia madukani, choo kinafurika, barabara inakatika. Hayo ni maji ya mvua yaliyokosa mitaro, au mitaro ipo na imejaa takataka na mchanga. Mitaro ya aina hiyo mimi naiunga mkono mikono miwili, na ni kazi ya kaunti. Katiba, Jedwali la Nne, imeweka mifumo ya maji ya mvua katika maeneo yaliyojengwa chini ya serikali za kaunti. Usikubali mwakilishi wadi akuambie hilo ni la Nairobi. Mto wenyewe ni hadithi nyingine: ulinzi wa maji na uhandisi wa mito viko kwenye orodha ya serikali ya kitaifa. Ndio maana mara nyingi unaona hawa wanarushia wale mpira na wale wanaurudisha, na mwananchi yuko katikati na godoro limeloa.

Sasa tuingie mtoni.

Ukiongea habari za ardhioevu Nuu, watu wanacheka. "Ardhioevu? Huku? Sisi ni watu wa ukame." Nimesikia hata watu wazito wakisema hivyo, kwamba masharti ya ardhioevu ni ya kule Yala au Delta ya Tana, huku kwetu hakuna cha kulinda. Fungua Sheria ya Usimamizi na Uratibu wa Mazingira ya 1999, ile tunayoiita EMCA. Ardhioevu humo ni mahali panapofurika maji wakati wote au kwa msimu, na ambapo mimea na wanyama wamezoea hali hiyo. Kwa msimu! Hilo neno ndilo letu. Lile bonde lenye matete ambalo ng'ombe wanalishwa Agosti wakati kwingine kote ni kahawia, ule ukingo wenye mikuyu mikubwa, lile tambarare kando ya mto linalobaki na tope wiki tatu baada ya mvua, hizo ndizo ardhioevu zetu. Hazina flamingo, hazina watalii, lakini zipo.

Na chini ya ule mchanga kuna ghala.

Hii sehemu wacha niikalie kidogo, kwa sababu wanaotoa hoja ya tingatinga huipita mbio. Mchanga mkubwa wa mto una nafasi katikati ya chembe. Mafuriko yakipita, maji yanajaza zile nafasi. Juu panakauka, lakini ukishuka kama nusu mita hivi au zaidi, jua haliyafikii maji kirahisi, mbu hazalii humo, na mchanga wenyewe unayachuja. Ndio maana mama zetu wanachimba kithima mtoni Septemba na kupata maji mahali ambapo mgeni angeapa hakuna tone.

Tupige hesabu ya mfano tu. Chukua kipande cha mto chenye urefu wa kilomita 1, upana mita 10, mchanga wa kina cha mita 2. Hizo ni mita za ujazo 20,000 za mchanga. Tuseme robo tu ya ujazo huo ndiyo maji unayoweza kuchota. Unapata mita za ujazo 5,000, yaani lita milioni 5. Kwa mitungi ya lita 20, ni mitungi 250,000. Familia 100 zikichota mitungi 5 kila siku, ni siku 500. Toa nusu nzima kwa maji yanayonywea chini zaidi na yanayonywewa na miti, bado una siku 250, miezi minane. Hiyo ndiyo inayotutoa msimu mmoja wa mvua hadi mwingine.

Sasa leta tingatinga, uondoe mita moja ya mchanga "ili maji yapate nafasi." Nusu ya ghala imeenda siku hiyo hiyo. Na hiyo nusu iliyobaki sasa ndiyo iko juu, karibu na jua.

Kuna atakayeniambia mchanga hurudi na mafuriko yajayo. Kweli, hurudi, ukikuta kitu cha kuushika: kona, mwamba, mizizi, ukuta mdogo wa kukingama mto. Mtaro ulionyooka uliosafishwa kingo zote mbili hauna kitu cha kushika. Maji yanapita na mchanga wake kama matatu isiyosimama stejini.

Watu wa Kitui na Makueni si wageni wa mambo haya. Tangu miaka ya 1990, shirika la SASOL likifanya kazi na vikundi vya wananchi limejenga mamia ya mabwawa ya mchanga Kitui: ukuta mfupi wa mawe na saruji unaokingama mto wa msimu, mchanga unajikusanya nyuma yake, na maji yanakaa ndani ya mchanga. Wahandisi kutoka nchi nyingine wamekuja kujifunza. Halafu leo tunataka kulipa mkandarasi afanye kinyume chake kabisa katika mto uleule? Angalau tuulizane kwanza.

Haya, mtaro unafanya nini hasa kwa maji?

Mto una kona kwa sababu. Tuseme mto unashuka mita 12 ndani ya kilomita 6 zenye kona. Huo ni mteremko wa mita 2 kwa kila kilomita. Ukiunyoosha ukawa kilomita 4, mita 12 ziko palepale, lakini sasa ni mita 3 kwa kilomita. Maji yaleyale, mteremko mkali zaidi, kwa hivyo yanakimbia zaidi, na maji yanayokimbia yanachimba. Pale ulipochimba wewe patakauka mapema baada ya mvua, kweli kabisa, na siku ya uzinduzi picha zitakuwa nzuri. Kule mtaro unapoishia, maji yanafika yote kwa pamoja badala ya kufika kwa awamu. Kuna watu wanaishi huko, na kura zao ziko wadi nyingine, au hata kaunti nyingine. Hapo umeelewa kwa nini hoja hii ni tamu kisiasa: faida inaonekana hapa, hasara inaonekana kwa jirani.

Na kuna kitu kinachotokea upande wa juu pia, ambacho wengi hawakitarajii. Ukishusha sakafu ya mto mahali pamoja, unakuwa umeweka ngazi. Maji yanaanza kuila ile ngazi kurudi nyuma, kuelekea mto unakotoka, msimu baada ya msimu. Kingo zinaporomoka, shamba linaingia mtoni kipande kwa kipande. Yakifika kwenye daraja au drifti, yanaanza kufukua chini ya msingi. Hapo ndipo niliposema kivuko kinaweza kuwa hatari zaidi. Mradi unaoitwa wa kuokoa maisha unaweza kuja kuling'oa lile daraja tulilolilia miaka.

"Kwani tumpende chura kuliko mtu?"

Hilo swali huulizwa kila mara, na huwa linaua mjadala, kwa hivyo lijibiwe. Kule Florida, Marekani, waliliuliza pia miaka ya 1950. Mto Kissimmee ulikuwa na kona nyingi, ukifurika tambarare zake, na baada ya vimbunga watu wakataka mafuriko yaishe. Kati ya 1962 na 1971 jeshi lao la wahandisi likauchimba. Mto wa kilomita 166 ukawa mfereji wa kilomita 90 hivi, wenye kina cha mita 9. Tambarare zikakauka, ndege wa majini waliokuwa wakija msimu wa baridi wakapungua kwa zaidi ya asilimia 90, samaki wakakosa hewa, na uchafu wa mashambani ukawa na njia ya moja kwa moja kwenda Ziwa Okeechobee. Wananchi walianza kulalamika kabla hata mfereji haujaisha. Kuanzia 1999 serikali ikaanza kuufukia, kuurudisha mto kwenye kona zake za zamani, na kazi hiyo ikamalizika 2021 kwa gharama ya karibu dola bilioni moja. Na hata hivyo ni sehemu tu ya mto iliyorudishwa. Marekani ina pesa za kuchimba na za kufukia. Kitui tuna pesa za kufanya moja, tena kwa shida.

Ukiona Florida ni mbali, panda basi la Kampala. Mfereji wa Nakivubo unatoa maji ya mvua katikati ya mji na kuyapeleka kwenye ardhioevu ya Nakivubo, halafu Ziwa Victoria. Ulipanuliwa na kujengwa upya mwishoni mwa miaka ya 1990 na mwanzoni mwa 2000 kwa pesa za Benki ya Dunia, kwa sababu mji ulikuwa unafurika kweli, biashara zinakufa. Mimi siwalaumu kwa kuujenga. Lakini ile ardhioevu ilikuwa inafanya kazi ambayo hakuna aliyeilipia: kuchuja maji machafu ya mji kabla hayajafika ziwani, na ziwani hapo hapo, upande wa Ggaba, ndiko Kampala inakovuta maji yake ya kunywa. Mwaka 1999 utafiti wa IUCN ulikadiria thamani ya huduma ya ardhioevu hiyo kuwa kati ya dola milioni 1 na milioni 1.75 kila mwaka. Mafunjo yalikatwa, watu wakalima magimbi, viwanda vikaingia, na gharama ya kusafisha maji ikahamia kwa anayelipa bili. Chura hakutumiwa bili yoyote.

Kwa upande mwingine, niwe mkweli kwa wale wanaotaka mtaro. Mtu ambaye maji yameingia nyumbani kwake mara tatu hana hamu ya kusikia habari za matete. Mvua za Machi hadi Mei 2024 ziliua karibu watu 300 nchini, na makumi ya maelfu ya familia zikahama. Kuna mahali shule na zahanati zilishajengwa njiani mwa maji, na kuzihamisha ni kazi ya miaka. Huko mtaro mfupi, au tuta, unaweza kuwa ndio jibu la haraka lililopo. Na pia kuna wanafiki upande wetu: mtu amelima hadi kwenye maji, amekata mikuyu yote, halafu mradi ukija anakuwa mwanamazingira wa kwanza kwenye baraza. Tunamjua.

Kwa hivyo swali langu si mtaro ndiyo au hapana. Swali langu liko kwenye ile sura ya ripoti inayoitwa "hatua za kupunguza athari." Hiyo sura ndiyo siasa yenyewe. Husomwa na watu wachache sana, na ndiyo ya kwanza kukatwa pesa zikipungua.

Kwa utaratibu unaokubalika, hatua hizi zina mpangilio. Kwanza unaepuka: unaweza kupitisha mtaro pembeni usiguse lile bonde? Ukishindwa, unapunguza: upana mdogo, kina kidogo, urefu mfupi. Halafu unarekebisha ulichoharibu. Mwisho kabisa, kwa kilichobaki, unafidia. Ripoti nyingi nilizosoma zinaruka moja kwa moja hadi mwisho. "Mkandarasi atapanda miche." Miche gani, wapi, nani ataimwagilia Februari? Mche haushiki maji ya kunywa ya familia 100. Wakati mwingine ni mikaratusi, ambayo inakunywa maji kama mlevi wa bure.

Na fidia ya mbali si fidia. Ukiharibu ithima vya kijiji hiki, ukachimba silanga kilomita 15 kutoka hapa, kwenye karatasi maji ni yaleyale. Kwa mama mwenye punda ni safari ya siku nzima.

Basi mradi mzuri kwa mazingira yetu ungeonekanaje? Ningetaka kuona kona zikiachwa, na badala ya kuuchimba mto uwe na kina, upande mmoja wa ukingo upunguzwe uwe kama ngazi pana: maji ya kawaida yanapita kwenye mto wake mdogo, mafuriko yanapanda ile ngazi, na mchanga wa chini haujaguswa. Kila baada ya kipande fulani ningetaka ukuta mfupi wa kukingama, juu kidogo tu ya mchanga, ili sakafu isiporomoke na ghala libaki. Sehemu ya maji ya mafuriko ielekezwe pembeni kwenye silanga, yapungue nguvu, na sisi tubaki na maji. Kazi yote ifanywe kiangazi. Na kabla jembe la kwanza halijaingia, familia zinazochota mahali hapo ziwe na maji mengine yanayofanya kazi, si ahadi ya maji.

Lakini kubwa kuliko yote liko juu, kwenye mashamba na milima. Maji yanayotuua mtoni yalianza kama maji yaliyokosa kitu cha kuyazuia kwenye mteremko. Ukambani ndiko fanya juu ilikopata jina: unachimba mtaro kufuata usawa wa shamba, udongo unautupa upande wa juu, na baada ya misimu michache una ngazi inayoshika maji na mbolea. Wazee wetu walifanya hivyo kwa mwethya, jembe kwa jembe, kila shamba kwa zamu. Haina utepe wa kukata. Huwezi kuita kamera uzindue mtaro wa nusu mita kwenye shamba la mama. Nadhani ndio sababu haionekani sana kwenye manifesto.

Halafu kuna jambo ambalo wachache wanataka kulitaja: mchanga.

Kuchimba mto Ukambani kunatoa mchanga, na mchanga ni pesa. Unajengea nyumba Nairobi. Makueni walitunga sheria yao ya kaunti ya kuhifadhi na kutumia mchanga mwaka 2015 baada ya mito kukauka na watu kuumizana kwa ajili ya malori. Kwa hivyo ukiletewa mradi wa mtaro wa mafuriko, tafuta kwenye mkataba sentensi moja: mchanga utakaotolewa ni wa nani, na unaenda wapi? Kama jibu ni "utatumika kujenga kingo na kuta za mradi," sawa. Kama mkandarasi anaruhusiwa kuubeba, basi hiyo hesabu ya mradi haijakamilika, kwa sababu analipwa mara mbili, na malipo ya pili yanatoka kwenye ghala letu. Simtuhumu yeyote. Nasema sentensi hiyo iwepo, iandikwe, isomwe kwa sauti barazani.

Sheria inasema nini? Miradi ya kudhibiti mafuriko na kugeuza mito iko kwenye Jedwali la Pili la EMCA. Maana yake inahitaji kupitia mkondo wa tathmini ya athari kwa mazingira na kupata leseni ya NEMA kabla ya kuanza. Kando na hapo, Mamlaka ya Rasilimali za Maji ina kibali chake cha mtu anayetaka kuugusa mto. Kanuni za mazingira zinalinda ukingo kuanzia mita 6 hadi 30 kila upande, kufuatana na upana wa mto na kiwango cha juu cha mafuriko kilichowahi kurekodiwa. Hapo ndipo penye vita vingi mtandaoni, mmoja anashikilia 6 na mwingine 30, na wote wanaacha ile sehemu ya kiwango cha mafuriko. Kwa mto kama wetu, unaokuwa na upana mmoja Agosti na mwingine kabisa Novemba, hicho kiwango ndicho kila kitu. Muulize anayepima: umepima mwezi gani?

Ushirikishwaji wa umma nao. Nimeshahudhuria mikutano ambapo tunaitwa saa nne, wageni wanafika saa nane, soda zinagawanywa, tunasaini karatasi ya mahudhurio, na ile karatasi inakuwa ushahidi kwamba "jamii iliunga mkono mradi." Kusaini kuhudhuria hakumaanishi kukubali, lakini kama pingamizi lako halikuandikwa, kwenye ripoti halipo. Andika barua ukurasa mmoja, kwa Kiswahili au Kikamba, peleka, gongewa muhuri kwenye nakala yako. Wazee na akina mama wanaochota maji ndio wanajua kina cha mchanga kila mwezi kuliko mshauri yeyote aliyekuja na gari jeupe kwa siku mbili. Maneno yao yaandikwe kwa tarehe na mahali.

Leseni ikitolewa na bado unaona kuna kasoro, Mahakama ya Kitaifa ya Mazingira hupokea rufaa ndani ya siku 60. Wengi wetu huamka siku ya 90, tingatinga likiwa limeshafika.

Nimeulizwa sana kwenye DM: hiyo ripoti naipata wapi, kwani mimi ni nani? Wewe ni raia, na hiyo inatosha. Kifungu cha 35 cha Katiba kinakupa haki ya kupata taarifa zilizo mikononi mwa serikali, na Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inaipa ofisi siku 21 kukujibu. Anza na ofisi ya NEMA ya kaunti, taja jina la mradi na mahali, omba ripoti nzima pamoja na mpango wa usimamizi wa mazingira. Huo mpango huwa ni jedwali karibu na mwisho: athari, hatua, nani anahusika, gharama. Nenda moja kwa moja kwenye safu ya gharama. Ukikuta kuchimba kumepewa mamilioni, na "kurejesha ardhioevu" kumeandikwa "itagharamiwa na mkandarasi" bila tarakimu, piga picha ukurasa huo uniletee hapa tuusome pamoja.